Kamba Juu ya Mwerezi

Onozuka Kaname alipatikana akiwa amesimama. Theluji ilimshika vivyo hivyo, wima, mkono mmoja mbele ya uso, chini kabisa ya mporomoko uliofukia njia ya bondeni. Wanakijiji walimgusa kwa fito zao ndefu, wakamchimbua. Daktari wa polisi aliandika kuwa alikufa kwa kukosa hewa.

Hakuna aliyeshangaa kwamba mlima umeporomoka. Theluji ilikuwa imeanguka usiku na mchana bila kupumua. Walichoshangaa ni kwamba Onozuka alipita.

Dhoruba kubwa ikija, mlinzi wa njia hufunga kamba ya majani ya mpunga kati ya mierezi miwili, moja upande wa kijijini na nyingine upande wa nyumba ya wageni ya Onozuka. Ukiikuta kamba, hupiti. Unazunguka kwa barabara ya lami, hata kama unachelewa harusi ya mwanao. Asubuhi ile kamba ya upande wa nyumba ya wageni haikuwepo.

Inspekta Mukaiyama Chisato, mwanamke wa makamo aliyezaliwa bonde la jirani, alifika siku ya pili na kukuta kesi imeshapikwa na kupakuliwa. Sajini Yokoo alikuwa amemweka ndani mgeni kutoka Tokyo, kijana aitwaye Hirose, aliyekuja kuteleza kwenye theluji. Jioni kabla ya kifo alizozana na Onozuka mbele ya watu, akidai kwamba ushirikina wa kamba umemharibia safari. Naye mlinzi wa njia, Nezu Tomeji, alikuwa ameandikisha maelezo kuwa kamba aliifunga mwenyewe, akaikaza.

"Uliitoa kamba?" Mukaiyama alimuuliza kijana.

"Sikuitoa, afande. Nilisema nitaikata. Nilikuwa nimelewa."

"Kisu unacho?"

"Ninacho."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Sasa mtanifunga kwa sababu ya mdomo wangu?"

Mukaiyama alijua jambo hilo linawezekana kabisa. Kusababisha kifo cha mtu si mchezo, na huyu hakuwa na shahidi. Mama yake alikuwa akipiga simu kituoni, na Yokoo akimwambia asubiri.

Akapanda hadi kwenye mierezi ya upande wa nyumba ya wageni. Kamba iliyofunguliwa ilikuwa bado pale, Yokoo hakuigusa. Ilikunjwa vizuri ikatundikwa kwenye kisiki cha tawi, juu kuliko kichwa cha mtu. Mgeni angeikata na kuitupa hapohapo. Wenyeji wa milima hii hawaachi kamba ya njia iguse ardhi, hata mlevi wao hathubutu.

Akaikunjua taratibu. Katikati ya mikunjo palichomekwa kipande cha pezi la samaki mkavu.

Babu yake Mukaiyama alikuwa mlinzi wa njia, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Mungu wa mlima ni mwanamke, tena mwenye wivu, na wanasema hakujaliwa sura. Mlinzi huweka kifuani samaki mkavu mwenye sura mbaya kuliko zote baharini, amwonyeshe, naye akiona aliye mbaya kuliko yeye hufurahi na kutulia. Njia inapofunguliwa, mlinzi hukata pezi na kulichomeka kwenye kamba kama shukrani. Samaki huyo hukaa kwa mlinzi peke yake. Na kamba ilikuwa mpya, ya dhoruba ya kwanza mwaka huu, haikuwahi kufunguliwa kabla ya asubuhi ile.

Akalitia mfukoni. Alitamani asingeliona lile pezi.

Nyumba ya Tomeji ilikuwa na turubai la buluu upande mmoja wa paa. Ndani, mbele ya picha ya mwanawe, palikuwa na bakuli la wali lililopoa. Kijana huyo alifariki majira ya baridi yaliyopita, akifagia theluji juu ya paa hilohilo. Onozuka alikuwa ameuza msitu wa zamani juu ya kijiji ili patengenezwe uwanja wa kuteleza. Kibali alikuwa nacho. Theluji ilipokosa miti ya kuishika ilishuka ikamfukia, na uchunguzi ukasema ni janga la asili, hakuna wa kulaumiwa.

Mukaiyama aliliweka pezi juu ya meza.

"Bwana Nezu, kwa nini uliliacha?"

Tomeji alilitazama. "Nilifungua kamba. Ukifungua, unashukuru."

"Hata kwa kazi kama ile?"

"Mlima haukunikosea, Inspekta. Aliyenikosea ni Kaname."

"Angeweza kugeuka. Theluji aliiona."

"Kaname? Tumekua naye, sledi yetu ya kutelezea theluji ilikuwa moja. Alitucheka maisha yake yote, lakini kamba hajawahi kuivuka. Nilijua asipoiona atasema, Tomeji amekagua, njia salama." Alilisogeza pezi kwa kidole. "Msitu wetu aliuuza. Mimi aliniamini."

"Na huyu kijana uliyemwacha ndani?"

"Yokoo alipomleta, nikanyamaza. Tangu jana chakula hakipiti. Naye ni mtoto wa mtu."

Mukaiyama alimpigia Yokoo amwachie Hirose, na ampe simu aongee na mama yake.

Walipotoka, theluji ilikuwa imeanza tena. Nusu ya mteremko ilikuwa bado inaning'inia, na njia waliyoichimba watafutaji ilikuwa wazi. Tomeji aliomba aifunge kwanza kamba ya upande wa kijijini. Inspekta alitazama juu, akakubali.

Alikuwa anakaza fundo walipotokea watu wa msibani, wamebeba vyakula kupeleka nyumbani kwa marehemu. Walimwona Tomeji akiwa na polisi, wakaelewa. Mwanamke mmoja alianza kulia. Tomeji hakuinua macho. Alitoa samaki kifuani, akamwonyesha mlima, akamrudisha.

Njia ya mkato ilikuwa mbele yao, mizigo ilikuwa mizito, na aliyefunga kamba ndiye aliyemuua mtu wao. Walisimama kidogo. Kisha wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakaishika barabara ya lami.

Tomeji aliwatazama mpaka wakapotea kwenye theluji. Ndipo akampa Inspekta mikono yake miwili.