Kapteni Nguzo Hakutoka Angani

"Lete maiki, dada. Wasifu wa mwanaume unasomwa na mwanaume!"

Akanipokonya maiki mbele ya jeneza la kaka yangu...

Mchana kweupe! Mchungaji amesimama, waombolezaji wamejaa mpaka kwenye migomba.

Nyie mnaofuata ukurasa huu mnamjua. Ephraimu. Anajiita Kamanda, mwenyekiti wa kikundi chenu cha wapenzi wa hadithi za anga, kile kinachokutana kwenye banda la video Sombetini, mjini Arusha. Mwaka huu anagombea udiwani kwenye kata yetu ya huku nyumbani.

Na kaka yangu Elinaza ndiye aliyekuwa akiwaandikia hapa visa vya Kapteni Nguzo na chombo chake kinachopita kati ya nyota.

"Ndugu waombolezaji!" Ephraimu akaanza. "Elinaza ametufundisha nini? Chombo kina kapteni mmoja! Anaongea mmoja, wengine wanatii!"

Vijana wake wenye fulana nyeusi wakapiga saluti. Msibani!

"Kwenye chombo cha Nguzo mwanamke hali mpaka Kapteni ashibe. Anayejibu analala nje. Ndiyo maana kimefika mbali! Sasa angalieni kata yetu... wanawake wanaongoza vikao, watoto wanajibu wakubwa. Nipeni kura, nirudishe heshima!"

"Ephraimu, shuka," nikamwambia. "Hapa tunazika."

"Eunike, wewe unajua nini kuhusu anga? Nenda kaangalie pilau lisiungue."

Wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Nilitaka kitu kimoja tu: kaka yangu asizikwe kama bango la mtu. Kwetu wasifu ukishasomwa, umesomwa. Watu wanaondoka na maneno yale, na ndivyo watakavyomtaja marehemu hadi kwa wajukuu.

Hapo baba akanyanyuka.

Mzee Aminiel.

"Shikamoo mzee wangu!" Ephraimu akainama. "Waambie mwanao alikuwa mtu wa nidhamu."

"Marahaba. Hizo hadithi umezisoma zote?"

"Zote, mzee! Nimezikariri."

"Na mimi nimezisoma. Jirani alinionyesha kwenye simu."

Jamani nilishtuka. Baba? Hadithi za anga?

"Huyo Kapteni ni mimi," baba akasema.



Mimi nilijua siku zote. Sikujua kama na yeye anajua.

"Anayejibu analala nje. Hiyo nje ni zizi langu, lile pale nyuma. Mama yake amelala mle mvua ikinyesha. Mwangalieni, amekaa na majirani kama mgeni, kwa sababu aliondoka. Mwanangu aliandika nyumba hii. Nyota aliziweka ili nisijitambue."

Ephraimu akajichekesha. "Lakini mzee... kwenye hadithi Kapteni anashinda!"

"Anashinda, ndiyo. Elinaza ameumwa figo huko Sombetini, hakunipigia simu. Alimkataza dada yake asiniambie. Aliniogopa mpaka amekufa. Umeona nilivyoshinda? Rudisha maiki kwa binti yangu."

Akarudisha. Fulana nyeusi zikaanza kupungua mojamoja kuelekea barabarani.

Mnadhani nilimkumbatia baba? Thubutu! Hata usoni sikumwangalia.

Nilisoma wasifu. Alizaliwa lini, akabatizwa wapi, akasoma wapi. Mwishoni nikaongeza sentensi ambayo haikuwa imeandikwa:

"Elinaza alimwogopa baba yake."

Mchungaji akakohoa.

Nikairudia.

Tangu siku ile mnanimiminia matusi humu. "Umetuharibia Kapteni wetu!" "Mwanamke hana adabu!" "Futa ukurasa!" Siufuti. Elinaza aliniachia mimi, na nitaandika humu kila ninachokumbuka, mpende msipende.

Ila shikeni hili. Mtu anaweza kuandika kwa maumivu, wewe ukasoma kama amri. Ukijikuta unampigia saluti mtawala wa kwenye hadithi, jiulize mle ndani wewe unajiona nani. Maana nyie wote, kuanzia Ephraimu wenu, mlijiona Kapteni. Hakuna hata mmoja wenu aliyejiona ni mama yangu.

Na kama kuna ambaye bado anamtaka Kapteni Nguzo wake, apande huku kwetu mlimani, juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai.

Yupo. Hakuna tena wa kumtii.