Muswada Uliobeba Pacha

Risasi ya kwanza ilikosa.

Ya pili ikakosa.

Sindano hakuwa mtu wa kukosa mara mbili.

Aliinama juu ya Yamaha yake, magoti yamebana tangi, upepo ukimchapa mashavu. Mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inakata kona za barabara ya machimbo ya kokoto kama mlevi anayetafuta choo. Akalenga tena tairi la nyuma. Beretta ikabweka. Tairi likaendelea kuzunguka, zima kabisa, kama halijaambiwa kitu.

Dereva akatoa mkono dirishani, akajibu.

Yeye hakukosa. Kioo cha pembeni cha Yamaha kilipasuka, na vipande vikapita karibu na shingo ya Sindano.

Motorola ikakoroma kifuani.

"Sindano, Sindano. Kuku wa jirani yuko wapi?"

"Mbele yangu, Mkuu. Ana mdomo mkali."

"Usimwache. Hata akikupeleka mpakani, nenda naye."

Ilikuwa sauti ya mtu anayenyonya peremende. Kazini Sindano alimwita Mkuu. Nyumbani alimwita Mjomba, maana ni ndugu wa mama yake, tumbo moja, na ndiye aliyemlea baada ya baba kutoka kwenda kununua sigara na duka likageuka kuwa mbali.

Asubuhi hiyo Mkuu alikuwa amemweleza kazi. Kuna mgeni mmoja, tajiri, asiyevua glovu nyeupe hata akila papai. Ofisini walimwita Glovu. Alikuwa anasafirisha dhahabu kwa siri kwenda nje na bunduki kwa siri kuja ndani, na alikuwa amechoka kujificha. Sasa alitaka sheria imfiche. Mtu wa kiwanda cha uchapaji cha serikali alikuwa amenong'ona kwamba kuna karatasi za Glovu zimepenyezwa kwenye muswada fulani. Upi, hajui. Mkuu akasema ushahidi wote uko ndani ya Land Cruiser, unakimbizwa nje ya nchi. Kisha akamkabidhi mpwa wake bastola.

"Leo nimekusafishia mwenyewe," alisema.

Sindano alimshukuru. Mtu akikusafishia bastola bila kuombwa ni kama mume anayeosha vyombo bila kuambiwa: mshukuru, halafu hesabu sahani.

Aliiacha barabara. Yamaha ikashuka mteremko wa kokoto, ikaruka mtaro, ikatua mbele ya gari. Dereva alikanyaga breki. Land Cruiser ikaserereka na kuzika pua kwenye lundo la kokoto. Kabla hajaipata bunduki yake sakafuni, helmeti ya Sindano ilikuwa imeshamgonga paji la uso.

Pingu. Usukani. Kimya.

Nyuma ya gari kulikuwa na boksi moja, limefungwa kwa kamba ya katani.

Sindano alinyoosha mkono alifungue, mkono ukasimama hewani.

Alilijua lile fundo. Lilianzia kushoto, lilikuwa na kitanzi kimefichwa tumboni, na ukilivuta kwa pupa ndio linazidi kukaza. Alikuwa msichana mdogo mkanda wa begi lake la shule ulipokatika, na mtu mmoja akakaa naye kizingitini mpaka akajua kulifunga. Mtu huyo alitumia mkono wa kushoto. Hakuweza kufunga kitu ovyo, hata kifurushi cha takataka.

Akalifungua taratibu. Ndani kulikuwa na kalenda za mwaka jana, zenye picha ya paka.

Akatoa magazini ya Beretta. Maganda na baruti, bila vichwa vya risasi. Kelele tupu, kama ahadi za kampeni.

"Nani alikutuma?" alimuuliza dereva.

"Mzee mmoja anayenuka mnanaa. Alisema niendeshe tu mpaka mafuta yaishe. Alisema ukinipiga risasi nisiogope."

"Na wewe kunipiga mimi?"

Dereva alifikiri.

"Hakusema nisikupige."

Redio ikakoroma tena. Mkuu alitaka kujua amefika wapi. Sindano alimjibu kwamba bado anamfukuza, kuku ana mbio. Sauti yake haikutikisika. Mjomba ndiye aliyemfundisha kusema uongo bila kutikisika.

Kamba ya katani ilikuwa bado na fundo la pili, kama lile la kwanza; hilo hakulifungua, akaitia kamba mfukoni. Akageuza Yamaha kuelekea Bunge.

Siku ile muswada wa kupigiwa kura ulikuwa mmoja tu. Alikuwa anaujua tangu haujawa muswada, tangu ukiwa kilio. Dada yake mkubwa alikufa akijifungua kwenye zahanati ambayo mtu pekee wa zamu alikuwa mlinzi wa lango. Mama yao, mkunga, alifika na mkoba wake akakuta mwanawe ameshafunikwa shuka. Kuanzia hapo alikwenda mlango kwa mlango, miaka na miaka, mpaka akampata mbunge wa kumsikiliza: kila zahanati iwe na mkunga, kwa sheria. Wiki nzima mama alikuwa anapiga pasi sare ileile.

Mbunge mwenyewe alikuwa mzee mwaminifu aliyeitwa Miwani, kwa sababu alikuwa anazitafuta kila mara na ziko kichwani. Sindano alimkuta ukumbini nje ya mlango wa wabunge, akamtaka afungue nakala iliyotoka kiwandani, katikati, si mwanzo wala mwisho. Wabunge ukurasa wa kwanza huusoma wajue jina, na wa mwisho wajue umeisha.

Miwani alisoma. Akaurudia ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kifungu cha kumi na tisa kiliukodisha uwanja wa zamani wa ndege kwa kampuni ya Glovu, miaka tisini na tisa, na ndege zake zisikaguliwe na mtu yeyote. Kwenye jina la muswada walikuwa wameongeza maneno machache: *na mambo mengineyo*. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba mengineyo ndiko hela zinakopotelea.

"Kifute," Sindano alisema.

Miwani alimweleza haiwezekani. Muswada ukishafika kwenye kura, hakifutwi kitu. Imebaki kanuni moja: muswada mmoja, jambo moja. Mbunge akisimama na kuonyesha kwamba umebeba mawili, Spika hachagui lipi zuri na lipi baya. Anautupa wote, mpaka mwakani. Na kura ikishapita, hata hiyo kanuni haina meno.

"Nikisimama, nawaua wakunga," alisema. "Sisimami mpaka mama yako aniambie."

Jukwaa la wageni lilikuwa limejaa sare nyeupe. Mama alikaa mstari wa mbele, mgongo wima kama siku ya ubatizo. Kulia kwake alikaa Mjomba, amemshika mkono. Nyuma ya Mjomba, glovu mbili nyeupe zilitulia juu ya fimbo.

Mjomba alipomwona mpwa wake, peremende iligonga jino.

Sindano alipiga goti mbele ya mama yake. Fundo hakulitaja, wala bastola. Alimwambia habari ya kifungu cha kumi na tisa tu, na kanuni, na kwamba Miwani anasubiri pale chini.

Mjomba aliinama upande wa dada yake. Kwa upole alimwambia apitishe kwanza, hayo mengine yatarekebishwa baadaye. Miaka yote hii, Dada. Mfikirie marehemu. Nani atathubutu kuwaangusha wakunga mbele ya kamera?

Hapo Sindano aliielewa hesabu yote. Mjomba alikuwa ametafuta mzigo ambao hakuna mlinzi angeupekua, akauona msiba wa dada yake.

Mama aliunyoosha mkunjo wa sare yake. Chini Spika alikuwa ameanza kuisoma hoja.

"Nimewahi kuzalisha pacha," mama alisema mwishowe, "mmoja amekufa tumboni na ameshaanza kumtia sumu mwenzake na mama yao. Hapo huulizi nani alikuwa mzuri. Unamwokoa mama."

"Dada—"

"Mficha uchi hazai, Kaka. Mwanangu, mwambie asimame."

Sindano aliinua mkono. Kule chini Miwani alizitafuta miwani zake, akazikuta kichwani, akasimama.

"Mheshimiwa Spika, utaratibu. Muswada wangu mwenyewe umebeba mambo mawili."

Alikisoma kifungu kwa sauti. Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa teke. Spika aliomba nakala, akasoma, akasoma tena, akagonga meza. Muswada ukaanguka.

Miaka yote ile ilianguka kwa pigo moja la nyundo. Wakunga walitoka wakilia kimya. Mama hakulia.

Glovu hakusubiri. Alikuwa ameshafika ngazini Sindano alipomwita. Aligeuka. Fimbo ilifunguka katikati, na ndani yake kulikuwa na kibastola chembamba kilichoingia Bungeni kwa kibali cha Mkuu. Mtutu uliwaelekea wakunga.

Sindano alichomoa Beretta na kufyatua.

Mlio uliijaza ngazi yote. Wakunga wakalala. Miwani akalala. Askari wawili wa mlangoni wakalala. Glovu alijitupa chini akijipapasa tumbo kutafuta tundu, kibastola kikaruka mbali, na buti la Sindano likatua juu ya glovu ya kulia.

Moshi ukapanda taratibu.

Watu wote walikuwa chini. Mbali na Sindano, mtu mmoja tu alibaki amesimama, mikono mfukoni, ananyonya peremende.

Mama aliinua kichwa kutoka sakafuni. Alimtazama kaka yake, kutoka viatu mpaka usoni. Akainuka, akakung'uta sare.

"Sote tumelala," alisema. "Wewe ulijuaje kwamba haina risasi?"

Mkuu wa majasusi, aliyekuwa na jibu la kila swali tangu ujana wake, alifungua mdomo. Peremende ilionekana juu ya ulimi, nyeupe, imebaki kidogo.

"Dereva wako alikuwa nazo," Sindano alimwambia Mjomba. "Zile za kweli."

"Nilijua utamkwepa." Mjomba aliimeza peremende. "Nilikufundisha mwenyewe."

Sindano alitoa kamba mfukoni, akaiweka kiganjani mwa mama yake. Mama hakuiangalia. Vidole vililikuta fundo, vikakipapasa kitanzi cha ndani, vikalifungua vyenyewe kama vinavyofungua kitenge cha kila siku. Na yeye alifundishwa kizingitini, zamani, na mkono uleule wa kushoto.

Alimrudishia Sindano kamba imenyooka.

"Mfunge nayo," alisema.

"Fundo gani, Mama?"

"Lake."

Sindano alimfunga. Mjomba alijaribu kuvuta mara moja, kisha akaacha. Alilijua lile fundo. Askari walipompitisha mbele ya dada yake alisema neno kuhusu pensheni ndogo, na kiti cha ofisini kinachokwaruza, na nchi isiyo na shukrani. Dada yake alikuwa anatazama vifungo vya sare.

Miwani alisogea akiomba radhi, machozi yamejaa vioo. Akauliza sasa itakuwaje.

"Mimba imeharibika," mama alisema. "Mwakani tutabeba nyingine. Mtoto mmoja tu. Na safari hii nitakaa kiwandani mwenyewe, kwenye kiti, mpaka wino ukauke."

Aliokota mkoba wake, akawashika mikono wenzake waliokuwa bado sakafuni, akawainua mmoja mmoja.

Sindano aliiweka Beretta juu ya meza ya mlinzi, kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima iliyotoboka. Motorola akaizima. Nje jua lilikuwa bado kali, na Yamaha ilimngoja chini ya ukuta. Akavaa helmeti, akapiga kiki.

Haikuwa na kioo cha kuangalia nyuma.

Akaondoka hivyo hivyo.