Usukani wa Mevla

Kaeni vizuri, na mwenye moyo wa karatasi atoke nje sasa hivi, asije akasema hakuambiwa.

Usukani wa gari la Mevla ulianza kutetemeka Jumatatu ile ya kwanza baada ya kufungwa matairi ya theluji. Siyo sana. Ukifika mwendo wa themanini na tano tu, unasikia vidoleni kama mtu amekushika mkono, anataka kukuambia kitu halafu anasita. Ukifika mia, kimya. Ukirudi themanini na tano, huyo tena.

Mevla hakuzunguka. Alienda moja kwa moja kwa kaka yake Hamdija, fundi matairi, maana ndiye aliyeyafunga.

"We kaka, umenifungia matairi au umenifungia mashine ya kufulia?"

"Ni wewe unayetetemeka! Kahawa vikombe saba kwa siku, utaacha kutetemeka?"

Huyo Hamdija, jamani, kwa majivuno! Tumbo mbele, penseli sikioni, na mji mzima wa Zavidovići unajua hakuna gari lililoingia kwake na ugonjwa likatoka nao. Alikuwa anasema gari halijui kudanganya, mwongo ni mwenye gari. Akacheka mpaka tumbo likaruka, akapiga jeki.

Lakini gari lile halikuwa la mzaha. Mume wa Mevla, Nusret, figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima afike hospitali kule Zenica, akae kwenye kile kiti kwa muda wa saa nne, damu itoke, ipite kwenye mashine, isafishwe, irudi. Akikosa mara moja anavimba miguu. Akikosa mara mbili, msiniulize. Gari ni hilo moja, na dereva ni Mevla. Usukani ule ulikuwa umebeba roho ya mtu.

Basi Hamdija akaanza. Akayapandisha matairi yote manne kwenye mashine ya balansi. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Safi! Jumatano Mevla akarudi kutoka Zenica kavimba uso kwa hasira, usukani unatetemeka vilevile. Sasa kila fundi anajua, usukani ukitetemeka ubovu uko mbele, kiti kikitetemeka ubovu uko nyuma. Hamdija akayatoa ya mbele akayapeleka nyuma, akasema, leo mtetemo utahamia kwenye makalio. Wapi! Ukabaki kwenye usukani. Akapima rimu, zimenyooka kama rula. Akabadilisha diski za breki. Akabadilisha tairodi, boljointi, beringi, akafika mahali anatoa vitu vizima anaweka vizima vingine, penseli imeanguka na haokoti.

Na akiliendesha mwenyewe? Laini kama siagi! Anakwenda mpaka Žepče na kurudi, usukani umetulia kama mtoto aliyeshiba.

"Hautetemeki, Mevla."

"Unatetemeka, kaka. Mimi si kichaa."

"Shemeji," akasema Nusret pale mlangoni, kajifunga skafu mpaka masikioni, mtu wa utani hata figo zikiwa zimemkimbia, "labda gari linakuogopa wewe. Likikuona linajikaza."

Walicheka wote watatu. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nitakachowapa.

Ijumaa iliyofuata Hamdija akasema nitaendesha mimi, nyie kaeni. Wakatoka alfajiri, ukungu umelala juu ya mto Bosna kama blanketi, Nusret mbele, Mevla nyuma na mkoba wa mkate. Sabini, sawa. Themanini, sawa. Themanini na tano, na hapo Hamdija akauhisi kwa mara ya kwanza, akaelewa kwa nini dada yake alikuwa analalamika, kwa sababu haukuwa mtetemo wa chuma, chuma anakijua miaka thelathini, chuma kinatetemeka kijinga tu bila kupumzika, lakini huu ulikuwa unagonga mara tatu, unanyamaza, unagonga mara tatu, unanyamaza, unapanda vidoleni, viganjani, kwenye viwiko, na pamoja nao inaingia harufu ya unga uliovunda na maji ya shimoni, madirisha yote yamefungwa, na alipotaka kuachia mkono mmoja afungue dirisha, mkono haukuachia.

"Mmesikia harufu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nusret alikuwa ameweka mikono yake chini ya mapaja, ameikalia, anatazama mbele, utani wote umemwisha.

"Shemeji, una nini?"

"Hakuna. Baridi."

Hamdija akashusha mpaka sitini, mkono ukaachia. Walifika kwa kuchelewa, nesi akagomba.

Wiki hiyo Hamdija hakulala vizuri. Alijiuliza, ni kitu gani kilikuwemo garini Ijumaa ile ambacho hakimo ninapoendesha peke yangu? Alhamisi akapata wazo la kifundi kabisa. Akachukua magunia mawili ya viazi, uzito wa Nusret kamili, akayakalisha kiti cha mbele, akayafunga mkanda! Majirani wakatoka kuangalia. Mevla akaendesha, viazi vimekaa kama bwana mkubwa, themanini na tano, tisini, usukani shwari. Wakatoa viazi, wakamweka Nusret. Hawakumaliza hata kilomita mbili. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Hamdija akamwambia simamisha. Akamvuta dada yake pembeni, nyuma ya gari.

"Siyo uzito. Ni yeye. Mevla, Nusret ana nini ambacho hujaniambia?"

Mevla akatazama chini. "Ukiniahidi hutacheka."

"Nina uso wa kucheka mimi?"

Akasema. Septemba, Nusret alipita kule Krivaja, kwenye kile kinu cha maji cha zamani kilichoachwa. Magharibi imeshaingia, mkojo umembana, akajisaidia ukutani, hakusema hata bismillahi. Akarudi nyumbani mikono inatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni. Tatu, kimya, tatu. Madaktari wakasema ni figo. Mevla akampeleka kwa siri kwa Bibi Zejna, yule mama mzee anayemwagia watu risasi, siyo ya bunduki, ile ya kijivu laini inayoyeyuka upesi. Anamfunika mgonjwa shuka, anaiyeyusha kwenye kijiko kirefu, anaimimina kwenye maji juu ya kichwa, inapasuka tsaaa, na kilichomkamata mtu kinaruka kinaingia ndani ya risasi. Ijumaa tatu, Nusret akapona, mikono ikatulia kama ya fundi saa.

"Na ile risasi?" akauliza Hamdija.

"Huwa inatupwa kwenye maji yanayokwenda. Mtoni. Bibi ndiye anayetupa. Kwani vipi?"

Hamdija akakaa chini pale pale, kwenye matope.

Sababu ni hii. Risasi ya Bibi Zejna inatoka wapi? Inatoka kwa Hamdija! Miaka na miaka, vile vipande vya risasi vya balansi, vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke sawa, akivibandua kwenye magari ya watu, anamwekea bibi kwenye kopo. Na mwaka huu bibi magoti yamemkataa, mtoni hafiki, risasi iliyokwisha kazi alikuwa anaiweka kwenye kopo jingine barazani, akimsubiri mtu wa kumtupia. Siku ile theluji ya kwanza inaanguka, polisi wako barabarani wanakamata wasiobadilisha, mji mzima unataka matairi ya theluji siku moja, foleni mpaka kwenye daraja, vipande vikamwishia Hamdija. Gari lililobaki ni la dada yake. Akakimbia kwa bibi, akagonga, bibi anasali, akaona kopo barazani. Akasema, mali yangu mwenyewe hii, nitamrudishia. Akaigonga kwa nyundo ikawa bapa, akaibana kwenye rimu, mashine ikasoma sifuri. Alijisifu hata!

"Mimi ndiye niliyekirudisha," akasema. "Nimekifunga kwenye gari lako kwa mikono yangu."

Ijumaa asubuhi akawapa Mevla na Nusret gari lake la kazi, waende nalo Zenica, akabaki na lile. Alikuwa na furaha ya woga, si mnaijua? Akasema leo shemeji yangu hamo ndani yake, leo ninalibandua hilo dubwana, nalitupa mtoni, yamekwisha. Akaliendesha pole pole mpaka uani kwa Bibi Zejna, akapiga magoti kwenye theluji, akabandua kipande kimoja kimoja kwa koleo, vyote, akampelekea bibi kwenye kitambaa.

Bibi Zejna alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, blanketi magotini. Alimsikiliza mpaka mwisho, hakumtukana, na afadhali angemtukana. Akachukua kipande cha kwanza akakipima kiganjani. Akakirudisha. Akachukua cha pili. Cha tatu alikiweka sikioni.

"Vyepesi," akasema.

"Vyepesi vipi, bibi? Hiyo ni risasi."

"Chukua kile ulicholeta mwaka jana, kipo pale, kipime mwenyewe."

Hamdija akapima, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, na mikono yake ya miaka thelathini kwenye mizani ya magurudumu haikuhitaji kuambiwa, maana vya gari la Mevla vilikuwa kama maganda ya mayai yaliyopakwa rangi.

"Hamna mtu humu ndani," akasema Bibi Zejna, kwa sauti ndogo kama anaogopa kuamsha mtoto. "Umekizungusha barabarani wiki tatu, mwanangu. Kila duara kinalegea kidogo. Na mtu kiliyekuwa kinamtafuta amekalishwa hatua moja mbele yake, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kimeshatoka."

"Kimekwenda wapi?"

Bibi akaelekeza kidevu kwenye njia ya Zenica.

Hamdija akatoa simu, akampigia dada yake. Mevla akapokea mara moja, amechangamka.

"Kaka! Gari lako hili, raha tupu! Halijatikisika njia nzima. Nusret kashalala kwenye kiti chake, kashachomwa sindano zote mbili, damu inakwenda..."

"Mikono yake ikoje?"

"Iko sawa. Mbona unahema hivyo?"

"Iangalie, Mevla. Iangalie sasa hivi."

Akasikia viatu vya dada yake vikitembea kwenye sakafu ya hospitali. Akasikia mashine zinahesabu pole pole. Halafu moja ikaanza kulia, ile ya kelele kali, na kitu cha chuma kikagonga, mara tatu, kikanyamaza, mara tatu, kikanyamaza, na sauti ya nesi ikapanda, "Mzee, tuliza mkono! Tuliza mkono, sindano itatoka!" na nyuma yake sauti ya Nusret, ndogo, ya mtu aliyeona kitu kimekaa pembeni mwa kiti chake, "Si mimi. Wallahi si mimi, mwambieni yeye," na Mevla akapiga kelele moja, simu ikaanguka lakini haikukatika.

"Bibi, fanya kitu! Risasi hiyo hapo, jiko linawaka!"

"Risasi ninayo," akasema Bibi Zejna, na machozi yanamtoka. "Nimfunike nani shuka? Mgonjwa yuko Zenica."

Hamdija akatoka mbio. Gari lililokuwepo uani ni lile lile. Akaingia, akawasha, akaitupa simu kiti cha mbele ikiwa bado inalia ile kelele ya mashine, akashika njia ya mto, sabini, themanini, na alipoona mshale wa mwendo unakaribia themanini na tano akaubana usukani kwa mikono yote miwili, akatega vidole, akatega viganja, anasubiri, kwa sababu kama kipo hapa basi hakipo kule, kama kinagonga hapa basi mkono wa shemeji yake umetulia na damu yake inakwenda, themanini na tano, themanini na sita, anashusha, anarudi, themanini na tano, na yule mtu aliyetumia wiki tatu kuutafuta mtetemo ule ili auue alikuwa analia kwa sauti, anaubembeleza usukani kama mtu anayembembeleza mgonjwa afumbue macho.

"Tetemeka," alikuwa anasema. "Tetemeka, nakuomba. Tetemeka basi."

Ulikuwa umetulia kabisa.