Mwizi wa Mashine Yangu

Nilikuta kufuli jipya kwenye mlango wa mashine yangu ya kukoboa mpunga, hapa Bariadi. Aliyelifunga ni mwanangu, Onesmo.

"Fungua," nikamwambia.

"Sifungui, baba. Hii sasa ni mali ya kampuni."

Ndugu msomaji, mashine ile niliinunua kwa ng'ombe wangu.

Sikukasirika. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi... unaugusa, unaona si wako.

Mwaka juzi ni yeye aliyenishawishi tufungue kampuni.

"Baba, wewe unalipa kodi kwa mauzo. Hata mwaka wa hasara unalipa. Kampuni inalipa kwa faida."

Nikasaini. Mimi Mayige nimesoma shule ya usiku nikiwa na watoto wanne, sikuona cha kuuliza.

Basi, kwa kuwa alinishawishi kwa habari za kodi, nikaenda ofisi ya kodi kumshtaki.

Ofisa, dada wa kutoka Moshi aitwaye Joyceline, akaniamkia, akanivutia kiti.

"Mwanangu ni mwizi," nikasema. "Kanifungia mashine."

"Pole, mzee wangu. Hela za mashine huwa anachukua nani?"

"Mimi. Kwani nani mwingine? Msiba ukitokea, natoa. Ndugu wakija na magunia kutoka kijijini Sola, nawakobolea bure. Mimi ndiye mwenye mji."

Akaweka kalamu chini.

"Ulipokuwa Mayige peke yako, sawa. Ulilipa kodi ya mauzo, kilichobaki chako. Kampuni ni mtu mwingine, mzee. Inalipa asilimia thelathini ya faida yake. Ulichokula wewe si gharama ya biashara, kwa hiyo bado kinahesabiwa faida. Kampuni inakilipia kodi. Na wewe uliyekula, unakatwa ya kwako."

"Ikikosa cha kulipa?"

"Mashine inaweza kuuzwa."

Nikainuka niondoke.

"Onesmo alishakuja hapa," akasema taratibu. "Aliomba mlipe deni la kodi kwa awamu. Akauliza atamzuiaje baba yake kuchota. Sikujua ataanza na kufuli."

Mwizi niliyekwenda kumshtaki nilikuwa mimi.

Jioni Onesmo akaniletea ufunguo. Hakunitazama usoni.

"Kaa nao," nikasema.

Leo ndugu wa Sola wakija, nawalipia kutoka mfukoni mwangu. Mke wangu Milembe anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi sihisi kitu.

Wewe unayetaka kufungua kampuni, jua unamkaribisha mtu mwingine kwenye mji wako. Mkubaliane mapema yeye atakula nini na wewe utakula nini.

Mimi kampuni imenipangia mshahara, kwenye mashine yangu.

Nao unakatwa kodi.