Siku Mbili Kikuyu

Miaka ile ya tisini, asubuhi ya Gatwekera, kijiji kimoja cha mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ilianza na sauti ya miguu. Wanaume walipita vichochoroni kabla jua halijatoka, wakienda kutafuta kibarua. Nashon alikuwa mmoja wao. Alikoroga simiti kwenye majengo, akarudi jioni, akala, akalala. Mke wake, Nereah, alifua nguo za watu katika mtaa jirani wa Ayany. Watoto wao walikuwa wawili, Billy na Hope. Billy alikuwa ameanza darasa la kwanza. Hope alikuwa bado nasari.

Siku moja Hope alikuwa akinywa chai ya maziwa.

"Mama, maziwa hutoka wapi?" aliuliza.

"Kwa ng'ombe."

Hope akacheka. "Uongo! Hutoka kwa pakiti."

Billy pia alicheka, lakini kidogo tu. Nereah aliona kwamba hata yeye hakuwa na uhakika.

Nereah aliukumbuka utoto wake kule kijijini kwao, Kendu Bay. Alikumbuka umande miguuni na povu la maziwa ya moto mdomoni. Watoto wake waliujua mtaro wa mlangoni tu. Na nauli ya kuwapeleka wote nyumbani haikupatikana.

Jioni alimwambia mumewe, "Baba Billy, likizo ya Agosti imekaribia. Tuwatoe hawa watoto, hata kama ni kulala usiku mmoja tu mahali."

Nashon aliacha kula. "Umesahau Krismasi?"

Hakuwa amesahau. Siku hiyo ya Krismasi walienda kwenye bustani mjini. Waliondoka mchana, jua likiwa kali, bila chakula. Watu walijaa kama siafu. Pesa ziliishia kwa soda na picha. Kisha Hope akapotea. Walimtafuta mpaka jua likakaribia kutua, wakampata akilia mikononi mwa mama mmoja wasiyemjua. Walirudi Kibera kwa miguu, Hope akiwa mgongoni kwa baba yake.

"Mimi siwezi kutafuta mtoto tena," Nashon alisema polepole.

Nereah alidhani mumewe ana hasira. Alipomtazama vizuri, aliona ni woga.

Kesho yake, Nereah alimweleza Mwalimu Musimbi habari hiyo. Huyu alikuwa mwalimu wa Hope, katika nasari ya kanisa karibu na Ayany. Kila muhula aliwapeleka watoto wadogo matembezi, na wote walirudi salama.

"Mama Billy, kutoka hakukuwa kosa," Musimbi alisema. "Mlitoka tu bila kupanga. Uliwauliza watoto wanataka kuona nini?"

"Hapana. Tulienda mahali watu wote wanaenda."

"Basi anza hapo. Mtoto mdogo hahitaji mahali pa mbali. Kitu kimoja kipya kinamtosha. Hope anataka nini?"

"Ng'ombe," Nereah akajibu, akacheka.

"Sawa. Epuka sikukuu, nauli hupanda na watu ni wengi. Ondokeni asubuhi, watoto wakiwa hawajachoka. Bebeni chakula cha nyumbani na maji yaliyochemshwa. Na nauli ya kurudi, itoe kando kabla ya kitu kingine chochote. Ifunge kwa leso. Hiyo haiguswi."

"Na kulala? Hoteli hatuwezi."

Musimbi alifikiri. Yeye aliishi mtaa wa Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo. "Kuna rafiki yangu, Wakarima. Tulikuwa majirani kabla hajarudi kwao, mji wa Kikuyu, kule kwenye mashamba. Anauza viazi soko ya Kawangware. Twende umuulize mwenyewe. Usipeleke watoto kwa mtu kabla hamjaongea."

Wakaenda. Wakarima alikuwa amekaa nyuma ya viazi vyake, mikono imejaa udongo. Alimsikiliza Nereah mpaka mwisho.

"Kujeni," alisema. "Nyumba ni ndogo, lakini nyasi ni mingi."

"Tulete nini?"

"Blanketi zenu. Na sukari ya mama yangu. Hizo vitu zingine za kula ziko shamba."

Nereah alirudi nyumbani na kumweleza Nashon kila kitu.

"Na mtoto akipotea?" Nashon aliuliza.

"Mwalimu anasema tuwafundishe mapema. Asikimbie huku na huku. Tutapanda treni, kwa hiyo akipotea stesheni, aende dirisha la tiketi, asimame hapo. Na sisi tuende hapo hapo."

Tangu siku hiyo, Nashon hakulala mapema tena. Kila jioni aliwaweka watoto mbele yake.

"Unaitwa nani?"

"Hope."

"Hope nani?"

"Hope Ojwang!"

"Unakaa wapi?"

"Gatwekera."

"Ukipotea?"

"Nasimama kwa dirisha la tiketi!"

Siku ilipofika, walipanda treni ya asubuhi katika stesheni ya Kibera. Walikuwa na blanketi, sukari, chupa ya maji na chapati. Watoto walibandika nyuso zao dirishani. Mabati yakaisha. Miti ikaanza.

Kikuyu, watu walishuka kwa kusukumana, wengine wamebeba magunia. Nereah alimshika Hope. Alipogeuka, Billy hakuwepo.

Nashon alitaka kukimbilia reli.

"Dirisha!" Nereah alimwambia. "Twende kwa dirisha!"

Walipenya katikati ya watu. Billy alikuwa amesimama chini ya dirisha la tiketi, mgongo umegusa ukuta.

"Baba, nilisimama," alisema.

Nashon alimshika mwanawe kichwani, akamshika hivyo mpaka nyumbani kwa Wakarima.

Jioni ile Hope alimwona ng'ombe akikamuliwa. Alishangaa, akarudi nyuma, kisha akasogea tena. Mama yake Wakarima, ambaye watoto walimwita Shosho, alichemsha maziwa na kumpa kikombe.

"Ni ya moto kama chai," Hope alinong'ona, povu puani.

Kesho yake hawakwenda popote. Walikula viazi, watoto wakalala mchana kwenye nyasi. Baadaye Nashon aliwapeleka kwenye kijito cha karibu. Akakunja suruali, akachota udongo, akaanza kufinyanga fahali, kama alivyofanya akichunga ng'ombe wa baba yake utotoni.

"Baba, unajua hii?" Billy aliuliza.

"Najua. Leteni udongo."

Jioni walifungua leso ya Nereah, wakalipa nauli, wakarudi Kibera salama.

Jumatatu Nashon alirudi kwenye simiti. Maisha hayakuwa mepesi. Lakini kuanzia mwaka huo, kila likizo familia ile ilikaa chini na kupanga, na majirani wakaanza kumuuliza Nereah, "Mlifanyaje?" Naye aliwaeleza kama Musimbi alivyomweleza.

Sasa watoto ni watu wazima. Nereah akikumbuka Gatwekera ya miaka ile, haanzi na shida. Humkumbuka Nashon pale kijitoni, amepiga magoti katika matope, akicheka kwa sauti ambayo Nereah hakuwa ameisikia tangu wahamie Nairobi.