Barua ya Bibi Zinaida

Kila asubuhi Rimma alikoroga uji, akachemsha chai, akavaa koti na mabuti, kisha akakatiza msitu wa misonobari kwenda shule. Katika mji wao mdogo karibu na Moscow, nusu ya darasa walikuwa watoto wa wanaanga, hivyo hakuna aliyeshangaa kwamba baba yake, Gleb, alikuwa angani. Yeye na mwenzake walipeleka vyakula, maji na vipuri kwenye kituo cha angani kilichozimika umeme. Ndani yake maji yaliganda kama mawe, na walifanya kazi wamevaa kofia za sufu.

Jumanne moja Bibi Zinaida, mama yake Gleb, alifariki. Alizikwa Alhamisi. Rimma hakulia. Alihisi ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Baba asiambiwe," mama yake, Tamara, alimwonya. "Ana kazi ya hatari. Mkono ukitetemeka, basi."

Jumapili familia ziliruhusiwa kuongea na wanaanga kwa redio, dakika chache tu, kituo kikipita juu.

"Rimma, mwanangu! Bibi yako yuko wapi? Leo hajaja kunigombeza?"

"Yupo nyumbani," Rimma alijibu. "Ana mafua kidogo."

"Mwambie aniandikie. Jumapili ijayo unisomee barua yake."

Kesho yake Daktari Matveyev, aliyeangalia afya ya wanaanga, alileta karatasi iliyopigwa chapa. "Barua ya bibi yako tumeshaiandika. Wewe usome tu, kwa sauti ya kawaida."

Rimma aliipitia. *Mpendwa mwanangu Gleb, mimi ni mzima.* Aliisoma mara ya pili, asihisi chochote, na hilo ndilo lililomtisha. Uongo wa kwanza ulimkwama kooni. Huu wa pili ulikuwa unateleza wenyewe.

Siku mbili alikaa nayo ndani ya daftari la hesabu. Jumatano, baada ya masomo, alienda ofisini kwa daktari akaiweka mezani.

"Sitaisoma, Daktari."

"Binti, kesho baba yako anatoka nje ya kituo kurekebisha paneli za jua. Unataka aende na msiba kichwani?"

"Hapana. Kesho asiambiwe. Lakini Jumapili akiniuliza, sitamdanganya tena."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama yako anajua umekuja?"

"Bado. Nitamwambia."

Alimwambia jioni, wakimenya viazi. Tamara aliendelea kumenya mpaka sufuria ikajaa. "Hata mimi nimechoka kusema uongo," alisema. "Tutamwambia pamoja."

Alhamisi Gleb na mwenzake walikaa nje ya kituo kwa muda wa saa tano. Waya wa mwisho ulipounganishwa, taa ziliwaka na joto likaanza kurudi. Mji mzima ulipongezana madukani. Rimma alipongezwa pia, akashukuru, akanunua mkate.

Jumapili Gleb aliuliza kwa furaha, "Haya, barua iko wapi?"

"Hakuna barua, Baba. Bibi amefariki. Alikuwa ameshazikwa siku ile nilipokwambia ana mafua. Nilikudanganya."

Redio ikakoroma. Tamara alimshika bega.

"Aliumwa sana?" Gleb aliuliza hatimaye.

"Hapana. Ni moyo. Alikuwa anamwagilia maua."

Rimma alitazama mshale wa saa ukizunguka. Dakika zilikuwa zinakwisha.

"Sikiliza, mwanangu. Unajua kituo hiki kilizimika kwa nini? Kipimo kimoja kilikuwa kinasema betri zimejaa, kumbe ni tupu. Kila mtu alikiamini, maana kilisema habari njema. Nyumba nzima ikaganda kwa ajili ya kitu kidogo kama kidole. Habari mbaya naweza kuibeba, hata nikiibeba huku nalia. Habari ya uongo siwezi kuirekebisha, kwa sababu sijui imeharibika wapi. Siku ile uliogopa, sikulaumu. Leo umenipa kipimo cha kweli. Kuanzia sasa nipe hicho hicho, hata kikiuma."

"Ndiyo, Baba."

"Unalia?"

Rimma alijigusa shavu. Lilikuwa limelowa.

"Nalia," alisema.

"Na mimi pia," Gleb alijibu, kisha kituo kikapita, sauti ikakatika.