Robo Nne za Mkeka wa Wema

Soko la Mulongwe, mjini Uvira, siku ya Jumamosi halina adabu. Samaki wakavu huku, mafuta ya mawese kule, na kila mtu anakusukuma kwa kiwiko kana kwamba chakula kitaisha leo. Katikati ya fujo hiyo, Julai ya mwaka 1957, Pontien alisimama mbele ya mikeka ya watu akiihesabu kwa kidole. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili kutoka Kamanyola. Kaptula yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe.

Mwenye mikeka, Wema binti Nasoro, alimwangalia kitambo. Alijifunga vikwembe, vitenge viwili vya manjano, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa rangi ya ukindu. Akamuuliza kama ananunua ama anakagua.

"Natafuta namna maua yanarudi," Pontien akasema. "Hii nyeusi inarudi kisha ngapi?"

"Tatu juu, moja chini. Weye ni mwalimu, na kuhesabu mukeka hauwezi?"

Basi, hapo akanaswa, na hakujitahidi hata kidogo kujinasua.

Walimu thelathini walikuwa wameitwa Uvira kwa mafunzo ya wiki sita. Aliyewafundisha alikuwa mtawa mmoja Mbelgiji, Frère Octave, ambaye alichoka kusikia watoto wakiimba hesabu bila kuielewa na wakichapwa fimbo kwa ajili yake. Alitaka hesabu ipite kwenye macho na mikono: watoto wachore, wafinyange, wasuke, wakate. Kwa hiyo wanaume wazima wenye masharubu walikaa chini wakipaka pembetatu kwa mkaa na udongo mwekundu. Wengine walicheka. Pontien hakucheka, maana yeye alipigwa sana utotoni kwa ajili ya nusu na robo, na hakutaka kumpiga mtoto wa mtu. Mwishoni kila mwalimu angetoa somo moja mbele ya wakaguzi. Atakayefaulu angepata kazi ya kudumu ya misioni.

Tangu Jumamosi ile, kila alasiri alikuwa kwenye baraza la mzee Nasoro, baba yake Wema, mtaa wa Kasenga. Shangazi yake Wema, Bahati, alikaa katikati yao na hakuondoka hata kwenda kunywa maji. Wema hakuwahi kuingia shule, lakini ua lolote la mkeka angekugawia nusu, robo na thumuni kabla hujachonga kalamu. Pontien aliyachora maua yake kwenye daftari, na kesho yake walimu wenzake wakayanakili. Wema akamtania kwamba yeye ndiye anafundisha Uvira nzima na mshahara anakula mwingine.

Wiki ya nne Pontien alisema lililokuwa moyoni. Alisema akijua uzito wake, kwa sababu yeye alikuwa Mkatoliki na misioni haikuwa inamweka mwalimu aliyeacha kanisa.

"Wema, kama unanikubali, ile kazi nitaiacha. Nitaenda kwa shehe, nitasilimu. Minye nakupenda, sina neno lingine."

Wema alisuka mistari miwili mizima kabla ya kujibu. "Nitakujibu namna ya kwetu," akasema.

Namna gani hiyo? Hakuuliza. Nikifika hapa huwa nakasirika, kwa sababu mdomo alikuwa nao. Badala yake, kwa furaha, alimwomba mkeka mmoja uliochakaa wa kutumia kwenye somo lake la mwisho. Wema akasema ataangalia.

Nyumbani kwa mzee Nasoro wanawake hawakujibu posa kwa mdomo. Binti alisuka mkeka mpya ambao haujakaliwa na mtu. Mwanamke mzima wa nyumba aliupeleka mlangoni kwa mwanaume, akauweka chini bila kutamka kitu. Mwanaume akiuingiza ndani amepokea, na watu wake wafike kabla ya Ijumaa kupita. Wema alisuka siku tisa. Baba yake alikuwa na mposaji mwingine tayari, Selemani, mfanyabiashara wa Rumonge mwenye heshima zake. Hata hivyo mzee alimpenda binti yake, akasema atangoja hiyo Ijumaa.

Jumatatu, shangazi Bahati alifika pale Pontien alipolala, akauweka mkeka mlangoni. Pontien aliuchukua kwa mikono miwili, akauingiza ndani, kisha akatoka kushukuru.

"Asante sana, shangazi. Lakini iko mupya. Minye niliomba ya zamani."

Bahati alidhani anafanya mzaha. Desturi ilimfunga mdomo, akatabasamu na kwenda zake.

Jumanne, mbele ya watoto arobaini na wakaguzi, Pontien aliukunjua. Aliukunja katikati, ua likakutana na ua. Kisha akachukua mkasi akaukata. Nusu mbili. Akakata tena, robo nne, na watoto wakahesabu pembetatu nyeusi za kila kipande. Mtoto mmoja wa nyuma akasimama bila kuulizwa, akaeleza kwamba robo mbili zikishonwa zinarudi kuwa nusu. Frère Octave alipiga makofi. Na lilikuwa somo zuri, lazima niseme, hakuna aliyelia siku ile darasani.

Alfajiri ya Jumatano lori la misioni lilimpeleka Kamanyola pamoja na Frère Octave, akawaonyeshe walimu wa huko somo lilelile. Aliondoka bila kuaga, akidhani ile namna ya kwao ni kuletewa mzazi, kwa hiyo akirudi atarudi na baba yake.

Libérate, mwalimu mwenzake, ndiye aliyeisimulia habari sokoni, kwa sifa kabisa, hakuwa na ubaya. Wema alikuwa akipanga mikeka yake. Aliuliza jambo moja tu.

"Aliikata mbele ya ba-frère?"

"Mbele yao, na mukasi. Walimupongeza sana."

Wema akaelewa kama mtu yeyote wa nyumba ile angeelewa: Pontien amechagua misioni, na amemkataa hadharani. Alilia hadi macho yakavimba. Ijumaa ilifika, ikapita, hakuja mtu.

Siku nane baada ya Ijumaa hiyo, Jumamosi, Pontien alitokea Kasenga na vumbi hadi magotini. Baba yake alikuwa amevaa koti zito, akivuta mbuzi. Shangazi Bahati alipowaona alikaa chini palepale mlangoni. Pontien alimsalimu, akamwambia amekuja na mzazi kuomba rasmi. Bahati akamuuliza alikatia nini mkeka, na akamweleza, sasa mdomo ukiwa huru, ulikuwa mkeka gani.

Wema alitoka ndani. Alivaa hariri nyeupe, hina mbichi mikononi.

"Minye nilizani ni ya masomo," Pontien akasema. "Kwetu mukeka ni kitu ya kukalia. Hakuna muntu aliniambia."

"Ungeniuliza."

"Na weye ungeniambia."

Wote wawili walikuwa na haki, na haki hiyo haikuwafaa kitu.

"Sasa kazi yako?" Wema akauliza.

"Nilimwambia Frère kwamba naoa kwenu, nasilimu. Alinifukuza siku ileile. Tumekuja kwa miguu."

Wema alishika nguzo ya baraza.

"Ndoa ilifungwa jana," akasema. "Baba hakunilazimisha, Pontien, usimuchukie. Aliniuliza mara tatu. Mara tatu nilisema ndiyo, kwa kukukasirikia weye."

"Na leo ungesema nini?"

"Leo sina ruhusa ya kusema."

Ndani, sauti ya Selemani ilimwita kwa upole, ikauliza ni nani amekuja. Wema alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Akajibu kwamba ni mwalimu mmoja, alikuwa anatafuta mkeka. Akaingia, na shangazi Bahati akafunga mlango taratibu.

Baba yake Pontien alikuwa amesimama wakati wote huo, kofia mkononi, akitabasamu kwa adabu. Kiswahili hakukijua. Alipoona mazungumzo yamekwisha alimsogelea mwanawe, akamuuliza kwa Kirundi kama wamekubaliwa, na mbuzi amfunge wapi.